Malezi ya Mapadre: Tangu Bagamoyo Hata Kingolwira

Siku padre mpya anapoadhimisha Misa yake ya kwanza kijijini kwao, watu hawapungui. Ngoma hupigwa, vigelegele husikika hata ng'ambo ya mto, wazee huleta mbuzi na kuku, na mama yake huketishwa mbele kwa heshima kubwa. Kesho yake watu husema, "Tumepata padre." Neno hilo ni la kweli, walakini lina upungufu, kwa maana padre hapatikani kwa siku moja. Nyuma ya siku ile iko miaka kumi, pengine na zaidi, ambayo jamaa zake hawakumwona ila wakati wa likizo. Alikuwa wapi miaka hiyo yote? Alifundishwa nini? Na ni nani aliyemlisha?

Maswali haya si ya udadisi mtupu. Katika nchi yetu kazi ya kuwalea mapadre ilianza mahali pamoja ikashindwa, ikaanza tena mahali pengine ikafaulu. Mtu akijua sababu ya kushindwa kule na sababu ya kufaulu huku, ataujua na wajibu wake mwenyewe, hata kama hana mwana seminarini.

Kingolwira ni mahali pazuri pa kusimama na kuyatazama mambo hayo. Ipo upande wa mashariki ya mji wa Morogoro, karibu na reli na barabara kuu iendayo Dar es Salaam, na kusini yake inasimama milima ya Uluguru. Watu wa mbali hulijua jina la Kingolwira kwa ajili ya gereza lake la kilimo. Lakini nchi hii ya chini ya milima ni njia ya zamani sana. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita pande hizi ikifika Simbamwene, mji wa Kisabengo, ambao ndio mwanzo wa Morogoro. Wamisionari nao walipanda kwa njia hizo. Baadaye reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Morogoro mwaka 1907, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kwa njia ya misafara Injili ilipanda kutoka pwani. Na kwa njia ya reli vijana wetu waliweza kwenda mbali kusoma, nao wakarudi wamekuwa mapadre.

Maana ya jina

Neno seminari limetoka katika Kilatini, na maana yake ni kitalu, yaani mahali pa kuoteshea mbegu. Kila mkulima ajua kazi ya kitalu. Mche hauachwi porini upigane na magugu na jua kali ungali mchanga. Hutengwa, hutiliwa maji, hufunikwa kwa majani, kisha hupelekwa shambani ukiwa umepata nguvu. Na kila mkulima ajua pia ya kuwa mche ukikaa kitaluni kupita kiasi hudhoofika. Kitalu si shamba, bali ni maandalio ya shamba.

Zamani za kale Ulaya hazikuwa na seminari kama tuzijuavyo leo. Wengine walisoma katika shule za makanisa makuu au katika vyuo vikubwa, na wengi walijifunza kwa kukaa na padre, kama vile mwanagenzi akaavyo na fundi wake. Aliyepata fundi mwema alitoka mwema. Aliyepata fundi mjinga alitoka mjinga, naye akawafundisha watu ujinga wake. Madhara yake yalikuwa makubwa. Ndipo Mtaguso wa Trento, tarehe 15 Julai 1563, ukaamuru ya kuwa kila jimbo liwe na nyumba ya kuwalea vijana watakao upadre, na ya kwamba wachaguliwe zaidi watoto wa maskini. Tangu hapo seminari ikawa desturi ya Kanisa zima, nayo ikaletwa na wamisionari kwetu pia.

Jaribio la Bagamoyo

Mapadre wa kwanza wa nyakati hizi walifika Unguja mwezi wa Desemba mwaka 1860, wakitoka kisiwa cha Réunion, pamoja na masista. Mwaka 1863 wakaja Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, mkubwa wao akiwa Padre Antoine Horner. Mwaka 1868 wakavuka bahari wakajenga Bagamoyo. Siku zile soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi. Halikufungwa mpaka mwaka 1873. Wamisionari walikomboa watoto, wakawalea, wakawafundisha kusoma, kulima, useremala na uhunzi. Kati ya watoto hao waliwachagua wenye akili na uchaji, wakaanza kuwafundisha Kilatini, wakitumaini ya kuwa miongoni mwao watatoka mapadre wa kwanza wa Afrika ya Mashariki.

Tumaini lile halikutimia. Katika karne ile hakutoka padre hata mmoja katika seminari ndogo ya Bagamoyo. Wengine waliacha, wengine wakaoa, wengine wakawa makatekista na mafundi wenye manufaa makubwa. Misheni yenyewe ilipatwa na misiba: kipindupindu kiliua watu wengi pwani katika miaka ya 1869 na 1870, na tufani ya mwezi wa Aprili mwaka 1872 ikabomoa majengo mengi ya Bagamoyo. Hata hivyo misheni iliinuka tena, ikapanda bara: Mhonda mwaka 1877, Mandera mwaka 1881, Morogoro mwaka 1882, Matombo katika Uluguru mwaka 1897. Makanisa yalijengwa, Wakristo wakaongezeka, lakini mapadre wenyeji hawakuonekana.

Je, kosa lilikuwa la nani? Wamisionari wengine waliwalaumu vijana, wakasema ni wepesi wa kuchoka. Lakini tuyafikiri maisha ya vijana wale. Mtoto ametekwa kwao, ameona ndugu zake wakifa njiani, ameuzwa sokoni, kisha amenunuliwa na watu asiowajua, ambao hata wakiwa wema hawawezi kuwa baba na mama yake. Hana mjomba wa kumwonya, hana bibi wa kumwombea, hana kijiji cha kurudia. Akiambiwa aache kuoa kwa ajili ya ufalme wa Mungu, anaambiwa aache kitu ambacho hajapata kukionja, yaani nyumba. Mwenye nyumba aweza kuitoa sadaka. Aliyenyang'anywa nyumba anaitafuta kwanza. Hivyo twaweza kusema ya kuwa mbegu ilikuwa njema, wapandaji walikuwa na bidii, bali mche ule haukuwa na udongo kuzunguka mizizi yake.

Wala tusitie chumvi katika hoja hii, tukadhani ya kuwa aliyekombolewa utumwani hakuweza kabisa. Kwa ndugu zetu Waanglikana wa Unguja, Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, alisoma katika chuo chao cha Kiungani na baadaye Uingereza, akapata upadre mwaka 1890. Lakini tuangalie mambo mawili. Kwanza, kwa desturi ya kanisa lake alikuwa na mke na nyumba. Pili, kazi yake iliyosifiwa sana aliifanya Chitangali, kati ya Wayao, watu wa kabila lake mwenyewe. Alirudishiwa udongo wake. Naye Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, alipeleka vijana waliokombolewa kusoma uganga huko Malta, ili wawe waganga na makatekista. Mmoja wao, Adrian Atiman, alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akawatibu watu hapo mpaka uzee wake, akafa mwaka 1956. Utumwa haukuwaondolea watu hawa akili wala utakatifu. Ila njia ya upadre katika Kanisa Katoliki, pamoja na useja wake, yataka mtu mwenye watu nyuma yake.

Kufaulu kwa Rubya

Upande wa ziwa kuu mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Katika Uganda, Wamisionari wa Afrika walianza kufundisha Kilatini kwa wana wa Wakristo ambao kaka zao na jamaa zao walikuwa wamekwisha kufa kwa ajili ya imani katika miaka ya 1885 hata 1887. Kazi ilichukua miaka ishirini hivi. Tarehe 29 Juni 1913, Askofu Henri Streicher akawapa upadre Basili Lumu na Viktori Mukasa.

Katika nchi yetu, Askofu Yohane Yosefu Hirth alianza seminari upande wa Bukoba mwanzoni mwa karne ya 20, nayo ikakaa Rubya. Walikuja vijana wa Buhaya, wa Ukerewe, na hata wa Rwanda. Wengi wao walikuwa na baba na mama, walikuwa na mashamba ya migomba nyumbani, na walikuwa na vijiji vya Wakristo vilivyowangoja. Vita Vikuu vya kwanza vikaingia. Bukoba ikatekwa na Waingereza, chakula kikapungua, wamisionari wengine wakatiwa shidani. Hata hivyo masomo hayakukoma. Tarehe 15 Agosti 1917, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Askofu Yosefu Sweens aliwapa upadre vijana wanne hapo Rubya: Oskari Kyakaraba na Wilibaldi Mupapi wa Bukoba, na Anjelo Mwirabure na Selestini Kipanda wa pande za Ukerewe. Hao ndio mapadre Wakatoliki wa kwanza wa nchi iitwayo leo Tanzania. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho, ambao nao walisoma Rubya, wakapata upadre huko Kabgayi, wakawa wa kwanza wa Rwanda.

Tazameni hesabu. Tangu mapadre wa kwanza walipofika Unguja hata siku ile ya Rubya ilipita miaka 57. Mtu aliyezaliwa mwaka ule wa 1860 alikuwa na wajukuu. Na wazazi wa wale wanne walitoa sadaka nzito kupita tunavyodhani, kwa kuwa Wahaya na Wakerewe huhesabu ukoo kwa baba. Mwana asiyeoa hukata jina la baba yake. Wazazi wale walikubali jina likatike. Bila ridhaa yao, Kilatini chote cha Rubya kisingetosha.

Mababa Watakatifu nao waliitia nguvu kazi hii. Mwaka 1919 Papa Benedikto XV aliandika ya kwamba mapadre wenyeji wasilelewe kama wasaidizi wa daraja ya chini tu, bali wapewe elimu kamili sawa na mapadre wa nchi za Ulaya, ili waweze siku moja kuwaongoza watu wao. Papa Pius XI akalirudia jambo hilo kwa mkazo mwaka 1926. Ndipo seminari kubwa zikapata nguvu. Kipalapala, karibu na Tabora, ilianza mwaka 1925. Matunda yakafuata: Yosefu Kiwanuka wa Uganda akawa askofu wa Masaka mwaka 1939, na Laureani Rugambwa, aliyesoma Rubya na Katigondo na kupata upadre mwaka 1943, akawekwa askofu mwaka 1952. Tarehe 28 Machi 1960 Rugambwa akafanywa kardinali, Mwafrika wa kwanza kupata cheo hicho. Katika Morogoro, jimbo lilisimamishwa mwaka 1953, na baadaye Adriani Mkoba akawa askofu wake wa kwanza aliye Mwafrika.

Maisha ndani ya seminari

Sasa tuingie mlangoni. Watu wa kijijini hudhani ya kuwa seminari ni shule yenye sala nyingi. Si hivyo tu. Seminari ni jamaa. Watu wa makabila mbalimbali, Mluguru na Mhaya, Mnyamwezi na Mchaga, Mngoni na Mmakonde, hulala katika nyumba moja, hula chungu kimoja, hupokezana jembe moja. Kengele ndiyo saa yao. Hulia kabla jua halijachomoza. Kila mmoja huondoka kitandani mara moja, wala hakuna wa kusema ngoja kidogo. Hufuata tafakari kwa kimya, kisha Misa takatifu, chakula kidogo cha asubuhi, na masomo. Adhuhuri husaliwa Malaika wa Bwana. Alasiri ni kazi ya mikono: kulima mboga, kulisha nguruwe na kuku, kufyeka nyasi, kufagia, kufua. Jioni ni rozari, masomo tena, chakula, maongezi kidogo, sala ya usiku. Kisha huingia kimya kikuu mpaka kesho baada ya Misa.

Mgeni huuliza, kimya hiki chote ni cha nini? Jibu ni hili. Padre atasikia siri za watu maisha yake yote. Asiyeweza kunyamaza usiku mmoja, atanyamazaje miaka arobaini? Na jembe ni la nini kwa mtu atakayeshika kalisi? Ni ili asije akawadharau watu ambao sadaka yao ya Jumapili imetoka katika jembe. Na kwa nini makabila yachanganywe? Kwa kuwa askofu aweza kumpeleka mtu popote jimboni mwake, na shirika laweza kumpeleka nchi nyingine kabisa. Asiyeweza kula ugali wa mwenzake seminarini hataweza kula chakula cha waumini wake.

Mkubwa wa nyumba huitwa gombera. Pamoja naye wako waalimu na walezi. Lakini yuko mmoja ambaye kazi yake ni ya pekee, naye ni baba wa roho. Kwake mseminari hufungua moyo wake, husema mashaka yake na majaribu yake. Sheria ya Kanisa yakataza baba wa roho na waungamishi wasiulizwe neno lo lote wakati wa kuamua kama mtu apewe daraja au arudishwe nyumbani. Gombera na baraza yake huamua kwa mambo yaonekanayo: bidii, ukweli, adabu, afya, akili, jinsi aishivyo na wenzake. Basi kuna macho yaonayo nje, na kuna sikio lisikialo ndani, na viwili hivyo havichanganywi. Ni hekima kubwa, kwa maana mtu akiogopa ya kuwa siri zake zitamfukuzisha, atajifunza unafiki, na hakuna ubaya mkubwa kwa padre kuliko unafiki.

Masomo makuu ni mawili, falsafa na taalimungu. Kwa sheria ya mwaka 1983, falsafa isipungue miaka miwili kamili, na taalimungu isipungue miaka minne. Wala mtu asipewe upadre kabla ya kutimiza miaka 25. Zamani vitabu vilikuwa vya Kilatini, na njia ya kwenda altareni ilikuwa na ngazi nyingi: kukatwa nywele, kisha daraja ndogo nne, kisha usubdiakoni, ndipo ushemasi na upadre. Papa Paulo VI aliziondoa nyingi katika mwaka 1972. Lakini kabla yake Mtaguso wa pili wa Vatikano, kwa hati yake ya tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya malezi ya mapadre, uliagiza ya kuwa elimu yote ielekee uchungaji, na ya kuwa maaskofu wa kila nchi wapange malezi kwa kufuata hali ya watu wao. Kwa hiyo mafrateri siku hizi hutumwa parokiani kabla ya kupata daraja, wakae na watu, wafundishe watoto, wazike wafu, wajue njaa na furaha ya vijiji. Mche hupelekwa shambani kidogo kidogo.

Kitalu chini ya Uluguru

Mji wa Morogoro umekuwa mahali pakubwa pa malezi. Mwaka 1993 Mapadre Wasalvatoriani walifungua chuo chao cha falsafa na taalimungu hapo Morogoro, na mwaka 2010 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu kishiriki cha Jordan, kwa jina la mwanzilishi wa shirika lao, Padre Francis Jordan. Mashirika mengi yakajenga nyumba za malezi kuuzunguka mji, hata upande huu wa Kingolwira. Vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika hukaa katika nyumba hizo. Mahali ambapo zamani minyororo ya watumwa ilipita ikielekea pwani, sasa wanapita vijana huru wenye vitabu mkononi, waliokuja kwa hiari yao. Mwenye kujua historia hawezi kuliona jambo hili asimshukuru Mungu.

Lakini nyumba hizi zisitufanye tusahau somo la Bagamoyo. Majengo hayazai padre. Kwa hiyo nataka kusema juu ya mambo matatu yatuhusuyo sisi tulio nje ya ukuta.

La kwanza ni ukoo. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno kubwa juu yake. Mwingine atasema, basi kwetu useja ni mwepesi, kwa kuwa mwanamume asiyeoa hakati ukoo; dada zake watauendeleza. Ni kweli, na ni neema. Lakini uzito umehamia mahali pengine. Padre Mluguru ni mjomba wa wapwa wengi, na mjomba hutazamiwa kwa karo, kwa mashamba, kwa mashauri ya ndoa na ya mirathi. Jamaa wakiona gari la parokia mlangoni, hudhani ni mali ya mjomba. Hapa patolewe fundisho wazi. Padre wa jimbo aweza kuwa na vitu vyake mwenyewe. Mali ya parokia si yake, wala si ya ukoo wake. Na padre wa shirika aliyeweka nadhiri ya ufukara hana neno hata juu ya kalamu aandikayo. Ukoo unaomsonga padre wao kwa madai humrudisha kumtumikia mjomba na mpwa, hali alikwisha kutolewa kwa watu wote. Kutoa sadaka kisha kuishika kwa ncha ya kamba, huko si kutoa.

La pili ni chakula. Seminari haili Kilatini. Mwaka 1889, katika mji wa Caen huko Ufaransa, mjane mmoja, Stephanie Bigard, na binti yake Jeanne, walianzisha shirika la kuwasaidia waseminari wa nchi za misheni. Walifanya hivyo kwa kuwa askofu wa Nagasaki, huko Japani, aliwaandikia ya kuwa amelazimika kuwarudisha nyumbani vijana wema kwa kukosa fedha ya kuwalisha. Wanawake wale wawili walitoa mali yao, wakaomba kwa wengine, na kazi yao ikawa Shirika la Kipapa la Mtume Petro, ambalo limesaidia seminari nyingi za Afrika. Basi kwa miaka mingi watu wa mbali wamewalisha wana wetu. Ni haki tuulize: mtoto wa nani analishwa na nani? Debe la mahindi, fungu la mboga za Mgeta, mkungu wa ndizi wa Matombo, si vitu vidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Na tena kitu kitolewacho na kijiji kina kazi nyingine kuliko kushibisha. Humkumbusha frateri ya kuwa ana watu, na ya kuwa watu hao wanamngoja.

La tatu, nalo ni zito kuliko yote, ni wale wanaorudi. Katika kila kundi liingialo seminarini, wafikao altareni ni wachache. Ndivyo ilivyokuwa Rubya, ndivyo ilivyo hata leo. Kijana akirudi na sanduku lake, mara kijiji hunong'ona: amefukuzwa, ameshindwa, ametia aibu. Mama hujificha asikutane na watu kisimani. Jambo hili ni ubaya, tena ni ujinga. Seminari ipo kwa ajili ya kupima mwito. Mizani isiyoweza kusema hapana si mizani. Kijana aliyetambua ya kuwa Mungu hamwiti kwa upadre, akasema kweli, amefanya jambo la ushujaa. Na wakubwa wakisema hapana kabla ya daraja wameepusha machozi ya parokia nzima baadaye. Na wangapi waliopita seminarini wakawa nguzo za nchi! Benjamin Mkapa, Rais wa tatu wa Tanzania, alipitia Seminari ya Kigonsera katika ujana wake. Joseph Kasa-Vubu, Rais wa kwanza wa Kongo, alisoma seminarini miaka mingi. Nao waalimu, makatibu, waganga na makatekista waliopata hapo elimu na adabu hawahesabiki. Hata vijana wale wa Bagamoyo ambao hawakupata upadre, ndio waliowafundisha sala wazee wa wazee wetu. Walishindwa kuwa mapadre. Hawakushindwa kuwa mbegu.

Tena aibu hii ina madhara ya siri. Kijana akijua ya kuwa kurudi ni kifo mbele ya watu wake, atabaki hata kama moyo wake umekwisha kutoka. Atanyamaza, atavumilia, atapewa daraja, na baada ya miaka michache watu watalia. Kijiji kinachomcheka arudiye kinajitengenezea padre asiyetaka kuwa padre. Wazazi waliokubali mwana wao aende kwa uhuru, na wakubali arudi kwa uhuru. Mlango wa nyumba ukiwa wazi, ndipo mtu aweza kukaa seminarini kwa kupenda.

Basi, wapenzi, tangu Bagamoyo hata Kingolwira somo ni moja. Bagamoyo ilikuwa na wapandaji hodari, lakini watoto wake walikuwa wamenyang'anywa watu wao. Rubya ilikuwa na wapandaji kama wale, na nyuma ya vijana wake palikuwa na nyumba zilizowatoa kwa hiari. Leo sisi ndio nyumba hizo. Gombera hufundisha, baba wa roho husikiliza, askofu huweka mikono. Lakini kuomba pamoja jioni, kusema kweli mbele ya watoto, kumfundisha kijana kushiriki chakula na kutii wakubwa, kupeleka debe la mahindi wakati wa mavuno, na kumpokea kwa mikono miwili yule arudiye, hizo ni kazi zetu. Padre akiwekwa wakfu mwaka ujao katika jimbo letu, tukasema "Tumepata padre," na iwe kweli ya kuwa sisi nasi tulikuwa na sehemu katika kumlea.